Kiraka, Tyubu Mpya, Utambi au Kimiminika: Jinsi ya Kuchagua Njia ya Kuziba Pancha ya Pikipiki

Gari la magurudumu manne likiishiwa upepo katika tairi moja, matatu yaliyobaki huendelea kulishikilia barabarani mpaka dereva asimame. Pikipiki haina msaada huo. Tairi la mbele likilegea ghafla, usukani huwa mzito na hukataa kufuata mkono. La nyuma likilegea, sehemu yote ya nyuma huanza kuyumba, na breki ya gurudumu hilo hilo ikikanyagwa kwa hofu, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Ndiyo maana ulinganisho wa njia za kuziba pancha haupaswi kuishia kwenye bei na wepesi wa kazi. Kigezo ninachokitanguliza hapa ni hiki: je, aliyeziba tundu ameona ndani ya tairi? Njia zinazofanyika kutoka nje, bila kulitoa tairi kwenye rimu, zina kazi moja halali, nayo ni kumfikisha mwendeshaji mahali pa kutengenezea. Zile zinazofanyika baada ya tairi kufunguliwa na kukaguliwa ndizo zinazoweza kuitwa matengenezo.

Tairi lina tyubu au halina?

Uamuzi wote hutegemea jambo hili, na sehemu kubwa ya jibu imeandikwa ubavuni mwa tairi. Maandishi TUBE TYPE humaanisha kwamba tairi hutumia tyubu, na TUBELESS humaanisha kwamba limetengenezwa kushika upepo lenyewe. Hata hivyo, maandishi hayo yasomwe pamoja na rimu. Rimu ya spoku ina matundu mengi ya kushikia spoku ambayo upepo ungeweza kuvujia, kwa hiyo pikipiki nyingi za spoku hufungwa tyubu hata pale ambapo tairi lenyewe lingeweza kukaa bila hiyo. Rimu ya aloi iliyomiminwa kipande kimoja ndiyo ambayo kwa kawaida hubeba tairi lisilo na tyubu, ambalo mafundi wengi huliita tyublesi, ingawa zipo pikipiki ndogo za rimu za aloi zinazotumia tyubu. Asiye na hakika aangalie kitabu cha pikipiki kabla ya kununua kifaa chochote cha kuzibia, kwa sababu vifaa vya tyublesi havina kazi kwenye tyubu.

Aina hizi mbili hazipotezi upepo kwa namna moja. Tyubu iliyojaa ni mpira mwembamba uliovutika. Msumari ukiitoboa, tundu linaweza kuchanika na kuwa refu kuliko unene wa msumari wenyewe, na upepo ukatoka kwa muda mfupi kupitia tundu la valvu na matundu ya spoku. Tyublesi ina utando mzito wa mpira upande wa ndani ambao huubana msumari, hivyo mara nyingi upepo hupungua taratibu, hata kwa saa kadhaa. Kutokana na hilo, mwenye tyublesi aliyeona msumari ilhali tairi bado ni gumu anapaswa kuuacha pale ulipo mpaka vifaa viwe mkononi. Mwenye tyubu anapaswa kusimama mara moja, kwa kuachia mafuta polepole, kushika usukani kwa uthabiti na kutumia taratibu breki ya gurudumu lisilo na pancha. Kila mita anayoendelea kwenda juu ya tairi lisilo na upepo huifanya tyubu isagwe kati ya tairi na rimu, na pancha ya tundu moja ambayo ingezibwa kwa kiraka kidogo hugeuka kuwa tyubu ya kutupa.

Tyubu: kiraka baridi, kiraka cha kuchoma, au tyubu mpya

Kiraka baridi ndicho kinachobebeka kwa urahisi, nacho hakihitaji moto wala umeme. Watu wengi wanakidharau kwa sababu wamekiona kikibanduka, lakini chanzo cha kubanduka mara nyingi ni haraka ya aliyekibandika. Gundi yake, ambayo mafundi huiita solusheni, si gundi ya kushikiza vitu viwili kwa unato tu. Ni mpira ulioyeyushwa pamoja na kemikali zinazouwezesha kuungana na tabaka laini lililo chini ya kiraka, lile linalofunikwa kwa karatasi ya foili. Ili muungano huo utokee, sehemu ya tyubu lazima ikwanguliwe kwa msasa mpaka mng'aro uishe, isafishwe vumbi, ipakwe gundi nyembamba iliyo pana kuliko kiraka, kisha iachwe kwa dakika kadhaa mpaka isiwe na umajimaji tena. Kubandika gundi ikiwa bado mbichi hufungia kiyeyusho ndani, na kiraka kitainuka kingo zake mara tairi likipata joto la mwendo. Kugusa lile tabaka laini foili ikishabanduliwa, kupuliza gundi kwa mdomo, au kuosha tyubu kwa petroli badala ya kutumia msasa, yote huacha unyevu au mafuta mahali ambapo panatakiwa kuwa pakavu. Petroli ina hatari nyingine iliyo wazi: kazi hii mara nyingi hufanyika kando ya injini na bomba la moshi ambavyo bado ni vya moto.

Kiraka cha kuchoma hutumia mpira mbichi ambao hubanwa juu ya tundu na kupashwa joto mpaka uwe kitu kimoja na tyubu. Kikifanywa na fundi mwenye mashine inayodhibiti joto na muda, huwa imara sana na hustahimili joto la safari ndefu na mzigo mzito kuliko kiraka baridi kilichobandikwa ovyo. Udhaifu wake ni kwamba hutegemea kifaa na mkono. Joto likizidi, mpira unaozunguka kiraka hukauka na kuwa mgumu, na tyubu huja kupasuka pembeni mwa kiraka, si kwenye kiraka chenyewe. Kibano kinachopashwa kwa mafuta yanayowashwa juu yake, bila kipimo chochote, kinaweza kutoa kazi nzuri mikononi mwa mzoefu, lakini mteja hana njia ya kujua joto lilifika wapi. Kwa maoni yangu, kati ya kiraka cha kuchoma kisichodhibitiwa na kiraka baridi kilichoandaliwa kwa subira, cha pili ni salama zaidi.

Kuna namna ya tatu ambayo hainishawishi hata kidogo: kipande kilichokatwa kutoka tyubu kuukuu na kubandikwa kwa gundi. Kipande hicho kimeshaiva kiwandani, hakina lile tabaka laini la kuungana, na hushikiliwa na unato wa gundi peke yake. Kinaweza kukaa siku kadhaa kisha kiachie katika mwendo, na kuachia kwake ni kwa ghafla.

Tyubu mpya ndiyo njia ghali zaidi kati ya hizi, ingawa bado bei yake ni ndogo ikilinganishwa na ya tairi, na kuna hali ambazo haina mbadala. Tyubu iliyochanika badala ya kutobolewa hairekebishiki kwa kiraka. Hali ni hiyo hiyo kwa tundu lililo kwenye shina la valvu au kwenye mshono, kwa tyubu iliyosagwa na rimu, na kwa ile ambayo tayari ina viraka vinavyokaribiana. Tairi jipya nalo lifungwe tyubu mpya, kwa kuwa tyubu ya zamani imeshavutika na inaweza kujikunja ndani, na mkunjo huo utajisugua mpaka utoboke. Ukubwa lazima ulingane na ule ulioandikwa kwenye tairi, kwa mfano 2.75-17 au 3.00-18. Tyubu ndogo inayolazimishwa kujaza tairi kubwa huvutika na kuwa nyembamba, na kubwa ndani ya tairi dogo hujikunja.

Mwendeshaji anayesafiri mbali ningependa abebe vyote viwili: tyubu mpya ya kufunga palepale na viraka vya akiba. Kubadilisha tyubu barabarani ni kazi ya haraka kuliko kusubiri gundi ikauke huku vumbi likipeperuka, na tyubu iliyotolewa inaweza kuzibwa baadaye mahali penye utulivu. Asiyeweza kubeba ya magurudumu yote mawili, na magurudumu hayalingani ukubwa, afadhali abebe ya nyuma, kwa kuwa tairi la mbele mara nyingi huinua msumari uliolala na la nyuma ndilo linalouchoma.

Njia yoyote kati ya hizo haitafaa kitu ikiwa kilichotoboa bado kimo ndani ya tairi. Kabla ya kurudisha tyubu, upande wa ndani wa tairi upapaswe wote, polepole na kwa kitambaa, kwa sababu ncha ya waya au ya mwiba inaweza kukata kidole. Utepe wa mpira unaofunika vichwa vya spoku nao uangaliwe. Ikiwa tundu la tyubu liko upande unaogusa rimu, chanzo kwa kawaida ni spoku iliyochomoza au utepe uliohama, na kuziba tyubu bila kurekebisha hilo ni kujitafutia pancha ya pili. Kisha tyubu ipewe upepo kidogo ili ichukue umbo lake, na ukingo wa tairi urudishwe kwa mikono kadiri inavyowezekana. Pancha nyingi zinazotokea muda mfupi baada ya matengenezo ni tyubu iliyobanwa na chuma cha kufungulia tairi katika hatua hii ya mwisho. Maji ya sabuni yanatosha kulainisha ukingo. Oili na grisi ziwekwe mbali, kwani huharibu mpira.

Tyublesi: utambi, kizibo cha uyoga, au kiraka chenye shina

Utambi ni kamba fupi ya nyuzi iliyoshindiliwa mpira mbichi unaonata. Msumari huchomolewa, tundu husafishwa kwa tupa ya duara, utambi husukumwa ndani kwa sindano maalumu, kisha sindano huvutwa na kuacha mkunjo wa utambi ukilibana tundu. Gurudumu halitoki kwenye pikipiki, na kazi nzima inaweza kumalizika kwa dakika chache. Kwa aliyekwama mbali na msaada, sijui njia nyingine ya tyublesi inayomfaa kuliko hii. Kasoro yake iko katika yale yasiyoonekana: aliyeziba hajui kama msumari ulichana utando wa ndani, kama ulikata nyuzi za tairi, au kama tairi lilisagika wakati lilipokuwa limelegea. Tupa nayo, ikisukumwa kwa nguvu kupita kiasi, hupanua tundu na kuharibu nyuzi zilizokuwa nzima.

Kizibo chenye umbo la uyoga husukumwa kutoka nje kwa kifaa chake, kichwa chake kipana kikafunguka ndani na shina likajaza tundu. Hakihitaji gundi na hukaa vizuri katika matairi mengi. Katika matairi ya radiali yenye mikanda ya nyuzi za chuma, ambayo hutambulika kwa herufi R kwenye kipimo chake, ncha za nyuzi zilizokatwa zinaweza kulisaga shina la kizibo kila tairi linapobonyea, mpaka likakatika. Mtu mwenye tairi la namna hiyo ningemshauri abebe utambi.

Kiraka chenye shina ndicho pekee kati ya hivi vitatu ninachokihesabu kuwa matengenezo kamili. Tairi hutolewa kwenye rimu, ndani hukaguliwa kwa mwanga wa kutosha, utando hukwanguliwa na kupakwa gundi, kisha shina la kiraka huvutwa kupitia tundu mpaka kiraka kilale juu ya utando na kukandamizwa kwa rola. Ubora wa njia hii unatokana na kufanya kazi mbili kwa pamoja. Kiraka kitupu huzuia upepo usitoke lakini huacha tundu wazi kwa upande wa barabara, maji yakaingia na kuozesha nyuzi za chuma bila mtu kuona. Shina tupu hujaza tundu lakini halifungi utando wa ndani. Vikiunganishwa, upepo haupotei na maji hayaingii.

Hata kwa njia hii kuna mipaka. Watengenezaji wengi wa matairi hukubali kuzibwa kwa matundu ya uso unaokanyaga barabara tu, yasiyozidi upana wa milimita 6. Dunlop, kwa mfano, katika maelekezo yake ya matairi ya pikipiki hutaka tairi litolewe na lizibwe kutoka ndani, mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa katika saa 24 za mwanzo, na baada ya hapo lisiendeshwe tena zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Ikiwa tairi lililofunguliwa na kuzibwa na fundi linawekewa mipaka hiyo, anayeziba kwa utambi kando ya barabara anapaswa kwenda polepole zaidi, bila abiria na bila mzigo, na asimame baada ya kilomita chache kupima upepo. Kwa kilomita 80 kwa saa, gurudumu la inchi 17 huzunguka takriban mara 700 kwa dakika, na katika kila mzunguko mahali palipozibwa hukanyagwa, hubonyea na kurudi.

Kimiminika cha kuzibia

Kuna kimiminika kinachowekwa ndani ya tairi mapema ili kizibe tundu punde linapotokea, na kuna mkebe wa povu unaotumika baada ya pancha, ambao huziba na kujaza upepo kwa wakati mmoja. Kwenye tyublesi, vimiminika vyenye nyuzi ndogo huziba vizuri matundu membamba ya uso wa tairi. Kwenye tyubu matumaini ni madogo zaidi, kwa kuwa tyubu hujongea ndani ya tairi na mara nyingi huchanika badala ya kutobolewa. Faida yake kubwa ni kwamba hata asiyejua kutumia chuma cha kufungulia tairi anaweza kuondoka mahali pa hatari, kwa mfano usiku au kwenye barabara isiyo na ukingo wa kusimamia.

Gharama yake huja baadaye. Umajimaji ulioenea ndani huzuia gundi ya kiraka kushika, kwa hiyo fundi hulazimika kuosha na kukausha kila kitu kabla ya kuanza, na kwa tyubu mara nyingi ni rahisi zaidi kuitupa. Umajimaji huo unaweza pia kuziba valvu na kuharibu kipimo cha upepo, na baadhi ya vimiminika hula rimu za aloi vikiachwa muda mrefu. Jambo zito zaidi ni kwamba kimiminika kinaweza kuficha pancha kabisa, mwendeshaji akaendelea kwenda na msumari uliozama bila kujua. Aliyekitumia amwambie fundi kabla tairi halijafunguliwa, kwa sababu baadhi ya mikebe ina gesi inayoshika moto. Ningekichagua kama nyongeza ya utambi au tyubu ya akiba, kamwe si badala yake.

Kuweka tyubu ndani ya tyublesi

Njia hii hupendwa tyublesi inapokataa kuzibika, au rimu inapopinda ukingo na kuvujisha. Ni halali kwa kufika nyumbani, ikiwa tundu la tairi ni dogo. Kwa matumizi ya kila siku naipinga. Tyubu hujisugua na mpira wa tairi, na joto huongezeka. Ndani ya baadhi ya tyublesi kuna vibao na mistari ya mpira ambayo huikwangua. Na tairi hupoteza ile sifa yake njema ya kuvuja polepole, kwa kuwa sasa likitoboka litaishiwa upepo kwa ghafla ya tyubu. Mwenye rimu iliyopinda anapaswa kutengeneza rimu.

Pale ambapo hakuna njia inayofaa

Ubavu wa tairi haufanyiwi ukarabati. Sehemu hiyo hujikunja kwa kila mzunguko, ndani yake mna nyuzi zinazobeba uzito wote, na hakuna kiraka wala utambi unaorudisha nguvu ya uzi uliokatwa. Kwa tairi la tyubu hali hii hudanganya zaidi, kwa sababu tyubu inaweza kuzibwa na ikajaa vizuri huku tairi lenyewe likiwa na mchaniko ubavuni. Siku moja tyubu huchungulia pale na kupasuka. Vivyo hivyo, tairi lililoendeshwa bila upepo na kuacha unga mweusi ndani yake, au mstari wa mviringo uliosagika ubavuni, limekwisha hata kama tundu ni la sindano. Tairi lililobaki kipara halistahili gharama ya kiraka. Umri wake husomwa kwenye tarakimu nne za mwisho za namba yake ya DOT iliyoandikwa ubavuni, ambapo 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kwa tairi la mbele niko mkali zaidi kuliko wengi. Tundu dogo la katikati ya uso, lililozibwa kutoka ndani kwa kiraka chenye shina, linakubalika. Tundu lililo karibu na bega, mahali ambapo tairi hukanyaga pikipiki inapolala kwenye kona, ningelifanya sababu ya kununua jipya bila mjadala, kwa kuwa tairi hilo ndilo linaloelekeza pikipiki na ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kazi ya breki.

Kujaza upepo na kukagua

Njia yoyote iliyochaguliwa, hatua ya kujaza upepo ina hatari yake. Ukingo wa tairi ukigoma kukaa kwenye rimu, upepo utolewe wote, ukingo ulainishwe upya kwa maji ya sabuni, kisha kazi irudiwe. Kuongeza shinikizo kupita psi 40, karibu bar 2.8, kwa kuulazimisha kunaweza kupasua tairi au rimu mbele ya uso wa mtu. Anayejaza asimame pembeni na vidole vyake viwe mbali na ukingo. Ukishakaa, upepo urekebishwe kufuata kiwango cha kitabu cha pikipiki, ambacho kwa kawaida si sawa kwa mbele na nyuma, wala si sawa kwa mtu mmoja na kwa abiria.

Gurudumu lililotolewa lirudishwe kwa uangalifu ule ule: ekseli ikazwe inavyotakiwa, mnyororo uwe na ulegevu sahihi na alama za kurekebishia zilingane pande zote mbili, pini ya usalama irudi mahali pake. Mwenye breki ya diski aibonyeze mara kadhaa kabla ya kuondoka, kwani huenda pedi zimesogea na mbonyezo wa kwanza usishike. Maji ya sabuni yapakwe kwenye valvu na, kwa tyublesi, juu ya mahali palipozibwa; mapovu yakijitokeza, kazi ianze upya. Siku inayofuata upepo upimwe tena kabla pikipiki haijatembea, tairi likiwa la baridi. Upungufu wa psi 2 au 3 kwa usiku mmoja unatosha kulirudisha gurudumu kwa fundi, hata kama pikipiki bado inakwenda vizuri.